Msomaji wa Pili

Riziki mwanangu,

Kabla hujaendelea na mstari wa pili, nakuomba: yaliyomo humu yabaki kwako. Usimtafsirie rafiki yako Elin, usimsomee mtu wa kiti cha jirani kwenye treni, usiandike hata neno moja la haya kwenye kompyuta. Mpaka Alhamisi ijayo ipite, haya ni yako na yangu tu. Na hata ikishapita, yangu utaweza kuyasema, lakini kuna watu wengine hapa Norsborg na Fittja, watu tunaosali nao, walioingia nchi hii kwa karatasi za aina moja na zangu. Hawajaniruhusu kuwasema. Neno moja likikutoka linaweza kufika mlangoni kwao. Nakuomba kama mtu anayeomba. Sikuamuru.

Nimeandika kwa Kiswahili ingawa najua utasoma polepole, kidole chini ya mstari, kama ulivyokuwa ukifanya kwenye darasa la lugha ya nyumbani. Polepole ni vizuri. Ningeandika Kisweden ungemaliza kabla treni yako haijafika Uppsala na kunipigia simu ukiwa bado na hasira mbichi.

Sasa ni saa mbili ya jioni na jua bado limekaa juu ya paa la jengo la mbele. Wewe uko Skärholmen, unaagana na wenzako. Sanduku lako la kwenda chuoni kesho liko mlangoni, limefungwa kwa mkanda wangu. Sitakuandikia habari za soksi za sufu, wala za kupika maharage siku moja ukala siku tatu. Hayo umeyasikia mpaka ukaniambia, "Mamma, jag vet." Ni kweli, unajua. Ninayotaka kuandika huyajui, na kosa ni langu.

Nianze na kazi, kwa sababu ndipo hofu yangu ilipofanya madhara yanayoonekana.

Watu wakikuuliza mama yako anafanya nini, unajibu kwamba anasoma Kirusi cha zamani. Sikuwahi kukueleza vizuri. Pale kwenye duka la mnada huletwa maboksi kutoka ng'ambo ya bahari, kutoka Tallinn na kwingineko, yamejaa medali za vita za Warusi. Wajukuu huziuza. Medali yenyewe haina jina, ina namba tu nyuma. Jina liko kwenye cheti, pamoja na namba hiyo, na vyeti vingi ni vile vya muda: kikaratasi kidogo ambacho karani wa kikosi alimwandikia askari palepale vitani, kwa penseli au wino wa zambarau, mpaka cheti chenyewe kije. Wengine cheti chenyewe hakikuja. Mwanya huo kati ya medali na jina ndio unaonilisha mimi, na wewe umekula humo miaka minne.

Mwandiko wa watu wale ni mgumu. Herufi tano au sita za Kirusi, zikiandikwa haraka, hugeuka vijiti vinavyofanana, vimesimama kama ua wa matete, hujui moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Ongeza baridi, ongeza karani mwenye njaa anayeandikia gotini, ongeza karatasi iliyokaa mfukoni mwa koti lililolowa. Wapo makarani waliokuwa wakichora kimstari juu ya herufi moja na chini ya nyingine ili kuzitenganisha. Hao nawapenda kama ndugu zangu. Wengine hawakujali. Hapo unatafuta neno unalolijua tayari kwenye karatasi hiyohiyo, kama "sajenti" au "kikosi", unaangalia mkono ule uliandikaje kila herufi, kisha unarudi kwenye jina na kulipanda taratibu, herufi kwa herufi. Mzee Arkadi, mwenzangu wa meza, alikuwa akisema karani wa kikosi anaandika kama kuku aliyekunywa pombe, na kuku huyo alikuwa na haraka ya kurudi kunywa nyingine.

Arkadi alikuwa mwalimu wa shule huko Tallinn. Ananiita Faidochka, ndivyo Kirusi kinavyolibembeleza jina la Faida. Yeye ndiye msomaji wa kwanza. Anasoma jina, analiandika kwa penseli nyuma ya bahasha. Mimi ni msomaji wa pili. Kanuni ya duka ni kwamba nifunike nyuma ya bahasha kwa kipande cha kadi, nisome mwenyewe, niandike nilichokiona, ndipo nifunue. Majina yakilingana, linaingia kwenye orodha ya mnada. Yasipolingana, tunakaa wote wawili na kioo cha kukuzia mpaka tukubaliane.

Miaka miwili ya kwanza nilifunika. Kisha siku moja tulitofautiana, na bwana Lennart, mwenye duka, alikuwa amesimama pale na mnunuzi. Hakunigombeza. Alitabasamu tu na kusema, "Faida, tumechelewa." Tangu siku hiyo kile kipande cha kadi kilibaki kwenye droo. Nilisoma kwanza penseli ya Arkadi, halafu nikaangalia cheti kutafuta alichokiona yeye. Ukishajua unachokitafuta, vijiti hukupa chochote unachotaka. Mwaka mzima hatukutofautiana hata mara moja, na Lennart alituambia mbele ya wageni kwamba hana wasomaji kama sisi.

Mwaka jana, majani yakianza kuanguka, kilikuja cheti kimoja chenye mkunjo katikati. Siku hiyo bahasha ilikuwa imelala upande wa mbele, kwa hiyo kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilisoma cheti kabla ya penseli. Sikukusudia. Nilikiweka chini ya kioo na jina likaniamkia wazi kabisa: Timofei Shilin. Nililiona kama ninavyoliona jina lako kwenye sanduku pale mlangoni. Kisha nikageuza bahasha. Arkadi alikuwa ameandika jina lingine, jina la mtu anayejulikana vitabuni, ambaye wakusanyaji humtafuta.

Nilitazama tena cheti, Riziki, kisha bahasha. Halafu nikaandika la Arkadi.

Miezi miwili baadaye aliingia dukani bibi mmoja, umri wake umepita sabini, koti limefungwa hadi kooni. Aliitwa Valentina. Alikuwa ameona orodha yetu ya mnada. Akatoa barua iliyofungwa kwenye kipande cha kitambaa cha meza, barua ya baba yake, Timofei Shilin, kutoka vitani. Humo baba alikuwa amemwandikia mke wake kwamba amepewa medali, na namba yake ni hii, uiweke, huenda siku moja ukaihitaji. Namba ilikuwa ileile ya kwenye orodha yetu.

"Namba ni yake," aliniambia kwa Kirusi. "Jina mmeweka la mtu mwingine."

Alisimulia akiwa amesimama. Baba yake hakurudi. Kwenye vitabu vya jeshi waliandika kwamba alitoroka kabla majira ya baridi hayajaisha. Mama yake hakupata msaada wa wajane. Shuleni yeye na kaka yake waliitwa watoto wa mtoro, na jina hilo liliwafuata mpaka kwenye kazi na kwenye ndoa. Lakini cheti chetu kiliandikwa baada ya hiyo siku waliyosema alitoroka. Kama cheti ni chake, basi alikuwa bado yuko kikosini na wanampa medali ya ushujaa. Kaka yake alikuwa mgonjwa. Alitaka kumpelekea karatasi yenye jina la baba kabla hajafa.

Cheti kilikuwa kimeshauzwa na kwenda nchi nyingine. Lennart akaniita.

"Faida, ulikisoma mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Bila kuangalia bahasha?"

"Bila kuangalia."

"Na jina ni lile tuliloandika?"

"Ni lile."

Valentina hakubishana. Alinitazama mimi, hakumtazama Lennart. "Fikiria tena, binti. Mimi sina haraka, nimesubiri tangu nikiwa na miaka minne."

Sikufikiria tena. Nilimfungulia mlango.

Mchana ule nilimfuata Arkadi jikoni alikokuwa akichemsha chai, nikamwambia nilichokiona. Nilitegemea atanikaripia, au atacheka. Aliweka kikombe chini akitafuta meza kwa mkono kwanza, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho mtu mwingine angekiona mapema.

"Faidochka," akasema, "macho yangu yamekwisha tangu mwaka juzi. Nilikuwa nakisia. Nilijiambia, si kitu, msomaji wa pili ni kijana, ana macho, atanirekebisha. Hujawahi kunirekebisha, nikaona basi, mzee bado anaweza."

Yeye alikuwa ananitegemea mimi, na mimi nilikuwa namtegemea yeye. Kwa mwaka mzima hakuna mtu aliyekuwa akisoma, Riziki. Sijui ni majina mangapi.

Sasa utaniuliza, kama unavyoniuliza siku zote, kwa nini sikusema tu. Ungekuwa wewe ungesema. Nimekulea ukawa mtu wa kusema, na nilishangaa kila mara, kwa sababu mimi siko hivyo. Kuna sababu, nayo ndiyo barua yenyewe.

Mimi si Faida.

Soma tena, kisha endelea. Faida ni dada yangu, na ndiye aliyekuzaa. Mimi naitwa Zawadi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili ulipozaliwa Uvira, na nilikuwa nakubeba mgongoni hadi kwenye lango la shule ili Faida aje akuchukue hapo. Vita vilipokuja tulivuka kwenda upande wa Kigoma, sisi watatu. Kambini wakampa Faida kadi ya chakula: jina lake, mtoto mmoja. Mimi nilikuwa na kadi yangu, ya msichana asiye na mzazi.

Faida alikufa kwa kipindupindu. Aliugua alfajiri, na jioni alikuwa hayupo. Sina maneno mengi hapo. Alikuwa na miaka ishirini. Aliniomba maji, nikampa, yakatoka, nikampa tena. Alikuwa na aibu, hakutaka wewe umwone, akaniambia nikupeleke kwa majirani. Nilipokuwa nakupeleka ndipo alipokufa.

Asubuhi yake ilikuwa siku ya kuhesabu watu. Walikuwa wakisema watoto wasio na wazazi watapelekwa sehemu yao peke yao, na wasichana kama mimi sehemu nyingine. Ulikuwa umelala kifuani kwangu, mdomo wazi. Alikuja mzee aliyekuwa mkuu wa mtaa wetu kambini, na daftari lake. Alitujua wote wawili. Alikuwa amekunywa uji kwetu.

"Pole," akasema. "Aliyefariki ni nani?"

Nikasema, "Zawadi."

Alinitazama, akautazama mwili, akakutazama wewe. Akaandika. Kisha akasema, "Basi, Mama Riziki, mchukue mtoto. Foleni ya wenye watoto iko kule."

Ni yeye aliyenipa jina ambalo nimeishi nalo. Huko kwetu mwanamke akishaitwa kwa mtoto wake, nani tena atauliza jina lingine? Kanisani ni Mama Riziki. Kwa Mama Aline, tunayesali naye, ni Mama Riziki. Miaka yote hii jina lako limekuwa nguo niliyojifunika. Na sikuona kwamba nimedanganya, maana kwetu mdogo wa mama ni mama, ndivyo nilivyolelewa mimi pia. Karatasi za wazungu hazina mstari wa mama mdogo. Lakini walipotuita kwenye chumba cha mahojiano, wakasema kuna nchi iitwayo Sweden inachukua kina mama walio peke yao na watoto wao, wakaniuliza tarehe yangu ya kuzaliwa, nilitoa ya Faida. Hapo nilijua ninachofanya.

Kuna msalaba wa mbao kule, kama mchwa hawajaula, umeandikwa Zawadi. Chini yake amelala mama yako. Wewe huna mahali pa kwenda kusoma jina lake, kwa sababu nililichukua mimi na kuja nalo huku.

Kila kitu kwenye karatasi zako ni kweli, Riziki. Jina lako, siku yako, jina la mama yako. Uongo ni mimi peke yangu.

Nimekuwa nikikuhesabia makosa yangu kwa miaka, kichwani, nikiosha vyombo. Kubwa si lile la daftari. Kubwa ni hili. Baada ya kumzika, uliendelea kuniita Zawadi, kama ulivyozoea. Ulikuwa na miaka minne, ungejuaje. Niliogopa mtu atakusikia. Majirani walikuwa wametupa sukari kidogo, nikakuambia hutaionja mpaka uniite mama. Ulilia siku tatu. Ulimwita mama yako, ukaniita Zawadi, ukaomba sukari. Siku ya nne ukaniambia, "Mama, nipe." Nikakupa. Ulilamba kiganja changu. Tangu siku hiyo hujanikosea jina hata mara moja, na kila ukiniita nasikia bei yake.

Unakumbuka kibao nilichokupiga? Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, mmepewa shuleni kazi ya kuchora mti wa ukoo. Nilikuwa nimejisahau jikoni, nikakusimulia vile nilivyokuwa nikikubeba hadi kwenye lango la shule nikiwa darasa la sita. Ukahesabu kwa vidole, ukainua kichwa, ukasema, "Men mamma, då var du bara tolv." Nilikupiga kabla sijajua nimeinua mkono. Nchi hii mtoto hapigwi, wewe ulilijua hilo kuliko mimi, na hukumwambia mwalimu. Uliandika kwenye mti wako nilichokuambia uandike. Ulipata alama nzuri. Ulikuwa umehesabu sawasawa, mwanangu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili tu, kama ulivyosema.

Hata Kirusi nilikichagua kwa hofu. Kule kwenye shule ya watu wazima kila mtu alikuwa akisomea uuguzi au kulea wazee, na madarasa yalijaa watu wa Bukavu, Uvira, Bujumbura. "Dada, wewe ni wa nani kule? Faida gani? Wa mtaa upi?" Nikatafuta somo ambalo sitakuta mtu wa kwetu. Nikakaa miaka minne chuoni na Wasweden wanaopenda vitabu vya kale, hakuna aliyejua Uvira iko wapi, nikapumua. Watu walinisifu kwamba nina akili ya pekee. Nilikuwa nimejificha.

Na mtu aliyejificha hujifunza jambo moja vizuri: jina lililokwisha kuandikwa ndilo salama. Usilifute, usiulize, weka sahihi. Kwa hiyo nilipoona jina la Shilin kwa macho yangu na jina lingine nyuma ya bahasha, mkono ulifanya kile ulichofundishwa kambini.

Kaka yake Valentina alifariki kabla ya Krismasi. Sikuambiwa na mtu, nililiona kwenye barua ya wakili. Maana Valentina hakuacha. Ameenda mahakamani kutaka jina lirekebishwe na cheti kitafutwe. Aliyekinunua hajibu barua. Picha tuliyoipiga dukani ni ndogo, mkunjo umeficha nusu ya jina. Arkadi sasa haoni hata kikombe. Aliyewahi kukisoma kile cheti kwa kioo, na anayejua kilisema nini, ni mimi tu. Wameniita Alhamisi ijayo, nitoe ushahidi kwa kiapo. Barua ya kuitwa ilikuja tangu Mei, nimeificha chini ya karatasi ya droo ya visu.

Kwenye kiapo unaanza na jina lako.

Nimesimama mbele ya kioo cha bafuni nikijaribu. "Mimi, Faida." Ulimi unakwenda vizuri, umezoea. Kisha nasema linalofuata, kwamba nitasema kweli yote, na nasikia jinsi inavyochekesha. Kama nikiapa kwa jina la dada yangu na kumrudishia Valentina baba yake, na siku moja yakajulikana yangu, watasema shahidi alikuwa mwongo tangu neno la kwanza, na Shilin atakuwa mtoro tena. Na nikishikilia lile la Arkadi, hakuna atakayenigusa. Nitabaki na kazi, na nyumba, na siku zako za likizo utanikuta hapa.

Wiki mbili nimelala na hili la pili. Usinifikirie kuwa bora kuliko nilivyo.

Jumatatu nitakwenda ofisi ya uhamiaji kusema naitwa nani, ili Alhamisi niape kwa jina langu. Nimeshapanga saa. Nilisubiri barua yako ya uraia. Ilipokuja Juni, ulicheza sebuleni na Mama Aline akapiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta, ukaniuliza mbona sifurahi. Nilijifungia bafuni. Nilikuwa nimesoma sheria ile mara nyingi kwenye maktaba ya Fittja, kila kifungu: wewe umekulia hapa na umefika miaka kumi na minane, umeomba mwenyewe, umepewa mwenyewe. Uraia huo hawakunyang'anyi kwa sababu yangu. Nilikuwa nalia kwa sababu sasa sikuwa tena na kisingizio.

Mimi sina uraia, unajua. Nilikuambia ni uvivu wa kujaza fomu. Niliogopa swali la kwanza. Nina kibali tu, na kibali kilichopatikana kwa jina la mtu mwingine wanaweza kukifuta. Wanaweza kunishtaki. Lennart ataniondoa, hilo nina uhakika nalo. Wanaweza kuniambia nirudi nilikotoka, na nilikotoka Zawadi ameshazikwa. Au wataangalia miaka, wataangalia kwamba nilikuwa mtoto, watasema kaa. Wakili mmoja niliyemuuliza kana kwamba ni habari ya rafiki yangu alisema, "Huyo rafiki yako, inategemea atamkuta nani." Sikuweza kupata jibu bora kuliko hilo.

Sikuandikii ili unihurumie, wala ili ufanye kama mimi au usifanye. Nimejaribu kuandika mwishoni mwa ukurasa huu kitu ambacho mama angemwambia binti yake anayeondoka, nikakifuta mara tatu. Ninachokijua ni kidogo. Nilidhani hofu inaniumiza mimi peke yangu, kwa hiyo nina haki ya kuibeba nitakavyo. Kumbe ilikuwa inaketi mezani na watu wengine. Iliketi na Valentina. Iliketi na wewe, na sukari mkononi.

Mama yako alikuwa na sauti nzito, watu walidhani ana mafua. Alikuwa hawezi kushona lakini alijitolea kushona kila kitu. Alicheka akiwa peke yake. Una mikono yake, vidole vile virefu vinavyokunjuka nyuma, na ulipokuwa mdogo nilikuwa naviangalia na kugeuza uso. Sikukusimulia habari zake kwa sababu nilikuwa nimevaa jina lake, ungeuliza mbona nasimulia habari zangu kana kwamba ni za mtu mwingine. Nina hadithi za miaka kumi na sita juu yake. Nitakusimulia zote, ukizitaka.

Barua hii nitaiweka ndani ya kitabu chako cha anatomia, mahali ambapo huwezi kukifungua bila kuiona. Kesho kituoni tutaagana kama kawaida. Sitakuonyesha kitu usoni, nina mazoezi.

Sasa jinsi ya kunipata. Usinipigie Jumatatu, wala Alhamisi kabla ya saa kumi ya jioni. Simu itakuwa imezimwa. Namba haitabadilika maadamu iko mikononi mwangu. Ikiita siku mbili bila kujibiwa, mpigie Mama Aline wa Fittja. Hajui lolote, na hatauliza. Mwambie tu unatafuta mama, atavaa koti na kuja kugonga hapa mlangoni, ana ufunguo wa akiba. Wakiniweka mahali pa kushikilia watu, huwa wanaruhusu simu, na ya kwanza itakuwa kwako, kwa hiyo ukiona namba usiyoijua pokea, hata ukiwa darasani. Ukipendelea kuandika, andika hapahapa Norsborg. Juu ya bahasha weka jina la babu yetu peke yake, ndilo liko mlangoni na ni la kweli kwa sisi sote watatu. Usipotaka kuandika wala kupiga kwa muda, nitaelewa, nami sitakufuata. Na siku ukipiga, ukafika pale pa kuniita ukakosa neno, acha pawe wazi. Sema "ni mimi." Nitakuwa nimeshika simu.